Usitupe Kidonge kwa Ajili ya Ganda Lake

Kipindi cha afya. Mazungumzo ya mtangazaji studioni, kwa wasikilizaji wa kambini na wa vijiji jirani. Maswali ya vikundi vya wasikilizaji yako mwishoni.

[Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.]

Popote ulipo, iwe unasubiri zamu yako bombani, iwe unachambua maharage nje ya nyumba, iwe uko kijijini kwa wenyeji wetu na redio umeiweka dirishani, karibu tuzungumze.

Leo ninaanza na neno ambalo si rahisi kulisema kwenye kipaza sauti. Wiki tatu zilizopita niliingiziwa kwenye simu ujumbe wa sauti. Aliyezungumza ni mwanamume mwenye sauti nzito, Kiswahili chake cha Kongo kabisa. Kwa ufupi alisema hivi: vidonge vyeupe tunavyopewa zahanati vina unga unaoitwa titani. Unga huo umepigwa marufuku Ulaya kwa sababu unaua tumbo na kuleta saratani. Sasa wanautuma kwetu sisi wakimbizi. Mwisho akasema: tuma kwa watu kumi, uokoe maisha.

Mimi niliutuma. Sikuutuma kwa watu kumi, niliutuma kwenye makundi mawili, na makundi hayo yana watu wengi kuliko kumi. Kabla ya kutuma nilitafuta neno moja tu kwenye intaneti, nikaona kwamba kweli Ulaya wameukataza unga huo kwenye chakula. Nikajiambia, basi huyu mtu anasema kweli. Sikusoma zaidi ya hapo.

Baada ya siku kama kumi, dada mmoja mhamasishaji wa afya katika zoni yetu alinisimamisha njiani. Akaniambia, "Kaka, kuna mama ametupa dawa zake za kila siku chooni. Anasema amesikia kwa mtoto wa redio."

Mtoto wa redio ni mimi.

Nilikwenda nyumbani kwake. Ugonjwa wake sitautaja, ni wake na daktari wake. Ameniruhusu nieleze haya bila jina lake. Nilimwomba msamaha, nikamsihi arudi zahanati. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, juzi ulisema ni sumu. Leo unasema nimeze. Sasa nishike lipi?"

Siku ile nilikuwa na msamaha tu, jibu sikuwa nalo. Nikamwambia nitarudi. Tangu siku hiyo nimekaa na muuguzi, nimekaa na mtu wa dawa, na nimesoma kila jioni simu ilipokuwa na chaji. Elimu yangu ni ya sekondari, kwa hiyo nilichokielewa mimi, na wewe utakielewa. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu kwa mama yule, na kwa kila aliyesikia ujumbe ule kutoka kwangu.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya kwanza: chembe ya nano ni nini?

Ujumbe ule ulitaja neno "nano". Tuanze hapo.

Chukua rula ya shule. Ile mistari midogo kabisa, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni milimita moja. Sasa kipande hicho cha milimita moja kikate mara milioni moja. Kipande kimoja kati ya hivyo ndicho nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Chembe ikiwa na upana wa kuanzia nanomita 1 hadi 100, wataalamu wanaiita chembe ya nano. Huwezi kuiona kwa macho. Hata hadubini ya kawaida ya maabara, ile wanayotazamia malaria kwenye damu, haiwezi kukuonyesha chembe moja ya nano.

Bakteria ni mdogo sana, lakini mbele ya chembe ya nano yeye ni jitu. Bakteria wengi wa tumboni wana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000 hivi. Tufanye bakteria mmoja awe mkubwa kama dumu la maji la lita 20. Hapo chembe ya nano itakuwa kama punje ya mahindi iliyolala pembeni ya dumu hilo.

Je, udogo huo una shida gani? Fikiria kuni. Gogo zima ukiliweka motoni linachelewa kushika. Lipasue liwe vijiti vyembamba, uzito ni uleule, lakini linawaka mara moja. Ulipolipasua uliongeza sehemu zinazogusana na moto na hewa. Chembe za nano ni hivyohivyo. Gramu moja iliyosagwa mpaka kiwango cha nano ina eneo kubwa sana la kugusana na vitu vingine, kwa hiyo tabia yake inaweza kubadilika. Kitu ambacho kikiwa jiwe kinatulia, kikiwa chembe ya nano kinaweza kuamka.

Tena chembe hizi si ngeni kwetu. Moshi wa jiko la kuni umejaa chembe za ukubwa huo. Kwa hiyo tusiogope neno lenyewe. Tuulize maswali matatu: ni chembe ya nini, ni kiasi gani, na inaingia wapi mwilini? Maswali hayo matatu tuyashike mpaka mwisho wa kipindi.

Sehemu ya pili: wakazi wa tumbo

Tumbo lako lina wakazi. Mwaka 2016 watafiti wa Israeli na Kanada walikadiria kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, wakati seli za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wengi wa bakteria hao wanaishi kwenye utumbo mpana.

Tumezoea kusikia neno bakteria tukafikiria kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini mama zetu wanajua bakteria wazuri hata kama hawakuwahi kuwaita kwa jina hilo. Muhogo mchungu ukiulowesha siku tatu au nne, unalainika na maji yanatoa harufu ya kuchacha. Hiyo ni kazi ya bakteria, na inasaidia kuondoa sumu ya muhogo. Njaa au haraka ikiwafanya watu waruke siku hizo, wanaugua. Kwetu Kongo kuna ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu, na unatokana na muhogo ambao haukutayarishwa vizuri. Kwa hiyo ukilowesha muhogo, umeajiri bakteria wakufanyie kazi.

Wale wa tumboni nao wana kazi zao. Kuna sehemu ya chakula ambayo mwili wetu hauwezi kuisaga: nyuzinyuzi za maharage, za sombe, za lengalenga, za mahindi yasiyokobolewa. Bakteria wanazila, na katika kuzila wanatengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Wanatengeneza vitamini, kwa mfano vitamini K inayosaidia damu kuganda. Wanaifundisha kinga ya mwili kumjua adui na rafiki. Na kwa kuwa wao wameshakalia nafasi, vijidudu vibaya vikija vinakuta viti vimejaa.

Kati ya bakteria hao na ukuta wa utumbo kuna ute. Ute huo ni kama uzio wa nyumba. Bakteria wako nje ya uzio, wewe uko ndani, mnaishi kwa amani. Uzio ukiwa mwembamba, bakteria wanafika ukutani, na ukuta unawaka, yaani unapata uvimbe na maumivu.

Mtoto mchanga anaanza kupata wakazi hao anapozaliwa. Na hapa kuna jambo lililonishangaza. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Chakula hicho ni cha bakteria wazuri wa tumboni mwake. Yaani mama anaponyonyesha anawalisha wote, mtoto na walinzi wake.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya tatu: ule unga mweupe

Sasa turudi kwenye ujumbe wa sauti. Jina kamili la unga ule ni titani dioksaidi. Ni unga mweupe sana. Unatiwa kwenye rangi za nyumba, kwenye dawa nyingi za meno, kwenye mafuta ya kuzuia jua, na kwenye ganda la nje la vidonge vingi. Kwa miaka mingi umetiwa pia kwenye pipi, ubani wa kutafuna na mapambo ya keki ili ving'ae. Kwenye pakiti za chakula unaandikwa kwa namba, E171. Sehemu ya chembe zake ni za nano, nyingine ni kubwa zaidi.

Nini kilitokea Ulaya? Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuwapa panya unga huo kwa siku 100. Baadhi ya panya hao, wanne kati ya kila kumi, walionekana na alama za mwanzo kwenye utumbo ambazo zinaweza baadaye kugeuka saratani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliutia kwenye maji ya kunywa ya panya. Aina za bakteria hazikubadilika sana, lakini tabia yao ilibadilika. Walianza kushikamana na kujijengea utando. Dalili za ute kupungua zilionekana, na za ukuta kuwaka pia. Kumbuka mfano wa uzio.

Ufaransa iliukataza unga huo kwenye chakula kuanzia Januari 2020. Mei 2021, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, inayoitwa EFSA, ilisema kwamba haiwezi tena kuuhesabu kuwa salama katika chakula. Sababu yake ilikuwa kwamba haikuweza kuondoa wasiwasi kuwa chembe hizo zinaweza kuharibu vinasaba, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukauondoa kwenye chakula.

Hadi hapo, yule mtu wa sauti nzito alikuwa sahihi. Sasa sikilizeni aliyoyaacha.

La kwanza: EFSA ilisema pia kwamba unga huu ukimezwa, kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana. Sehemu kubwa inapita na kutoka na choo. Wasiwasi wao ni kuhusu kidogo kinachobaki na kujikusanya kwa miaka, kwa mtu anayeula kila siku kwenye pipi, keki na vitafunwa.

La pili: nchi hazikukubaliana. Marekani, Uingereza na Kanada bado zinauruhusu kwenye chakula. Mwaka 2023 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliutazama upya, na haikuona sababu ya kuukataza. Wataalamu wanabishana, na hiyo ndiyo kazi yao.

La tatu, na hili ndilo lililonifanya nione aibu: Ulaya hiyohiyo haikuuondoa kwenye dawa. Mgonjwa wa Paris na mgonjwa wa Berlin, leo, wanameza vidonge vyenye ganda la titani dioksaidi kama wewe. Si kweli kwamba wameukataa kwao wakatuletea sisi.

Kwa nini wameuacha kwenye dawa? Rudi kwenye swali letu la pili: ni kiasi gani? Ganda la kidonge ni jembamba kama karatasi, na unga uliomo ni miligramu chache. Tena ganda hilo lina kazi: linakinga dawa isiharibiwe na mwanga, na linasaidia kidonge kimoja kitofautiane na kingine. Halafu pipi ukiiacha hupungukiwi kitu. Dawa ukiiacha, unajua mwenyewe unapungukiwa nini.

Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI akiacha, virusi vinaanza kuongezeka ndani ya wiki chache, na vinaweza kujifunza kuishinda dawa. Mtu wa kifua kikuu anayekatiza matibabu anaweza kurudi na kifua kikuu sugu, akaambukiza watoto anaolala nao chini ya turubai moja. Mtu wa kifafa akiacha, anaweza kuanguka karibu na jiko. Madhara hayo hayasubiri miaka ishirini. Yanakuja mwezi huu.

Sehemu ya nne: tunaogopa ganda, hatuogopi kilichomo

Mama yule aliniuliza jambo moja ambalo sikulitegemea. Alisema, "Kama hao bakteria wa tumbo ni wa maana hivyo, ni nini hasa kinachowaua hapa kwetu?"

Nilimpelekea muuguzi swali hilo. Hakufikiria hata dakika moja. Akajibu, "Rangi mbili."

Mnazijua. Zile kapsuli za rangi mbili zinazouzwa sokoni moja moja, bila cheti, bila kipimo. Tumbo likiuma, rangi mbili. Kidonda, rangi mbili. Mtoto akiharisha, mama anafungua kapsuli na kumwagia unga wake kwenye kijiko. Nyingi kati ya hizo ni antibayotiki. Mara nyingi ganda lake lina titani dioksaidi ileile tunayoiogopa. Lakini kilicho ndani ya ganda kimetengenezwa makusudi kuua bakteria, na hakichagui sana. Kinaua mbaya aliyekuletea ugonjwa, kinaua na wakazi wema waliokuwa wanakulinda. Baada ya dozi, wakazi hao huchukua wiki au miezi kurudi, na wengine hawarudi kabisa. Ukimeza mbili tu kisha ukaacha, bakteria wabaya waliosalia wanajifunza kuishi na dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi.

Msinielewe vibaya. Antibayotiki inaokoa maisha. Nimonia ya mtoto inataka antibayotiki. Daktari akikupima akakuandikia, meza yote mpaka siku ya mwisho. Ninachosema ni kwamba tumeshika kapsuli mkononi tukaogopa rangi ya ganda, halafu kilichomo ndani tukakigawa kama karanga.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya tano: maji ya fedha

Kuna chembe nyingine ya nano ambayo watu hawaiogopi. Wanainunua. Kuna vichupa vidogo vinavyopita sokoni, vinaitwa maji ya fedha. Muuzaji anasema vinatibu homa ya matumbo, vidonda vya tumbo, malaria, hata ugumba. Ndani yake, kama muuzaji anasema kweli, kuna chembe ndogo sana za madini ya fedha, yale ya pete na mikufu.

Fedha ni muuaji wa bakteria wa siku nyingi, hilo ni kweli. Ipo krimu yenye fedha inayopakwa kwenye majeraha ya moto. Yapo machujio ya maji ya udongo wa kuchoma, kama chungu, yanayopakwa chembe za fedha. Udongo unachuja, fedha inadhibiti vijidudu, na maji yanayotoka ni salama zaidi kwa kunywa. Kama nyumbani kwako lipo chujio la namna hiyo, endelea kulitumia.

Tofauti iko kwenye swali letu la tatu: inaingia wapi? Kwenye chujio, fedha inakaa kwenye chungu, na kinachotoka kwenye maji ni kidogo mno. Kwenye kichupa, unaimimina yote tumboni, mahali wanapoishi wale trilioni 38. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa za kumeza zenye chembe hizi za fedha, zinazouzwa bila cheti cha daktari, haziwezi kuhesabiwa kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilibidi iwaonye tena wauzaji waliodai kwamba zinatibu ugonjwa huo. Na mtu akinywa fedha kwa muda mrefu, inaweza kujikusanya kwenye ngozi yake, ngozi ikawa ya kijivu yenye ubuluu. Rangi hiyo haitoki kwa sabuni, na kwa kawaida inabaki maisha yote.

Lakini hofu yangu kubwa si rangi ya ngozi. Hofu yangu ni mama mwenye mtoto anayeharisha, anayenunua kichupa kwa pesa ya chakula na kukaa nyumbani siku mbili akisubiri kipone. Siku mbili ni nyingi kwa mtoto anayeharisha. Mtoto huyo anahitaji maji ya ORS, anahitaji vidonge vya zinki, anahitaji ziwa la mama, na anahitaji kufikishwa zahanati.

Sehemu ya sita: mfuko juu ya sufuria

Ya mwisho ni ya jikoni, na hapa naomba radhi mapema kwa mama zangu. Wali au maharage yakikaribia kuiva, tunayafunika kwa mfuko wa plastiki ili mvuke usitoke na kuni zisiishe. Chai ya moto tunaitia kwenye kifuko tukampelekea mtu shambani.

Plastiki ikipata joto inaachia vipande vidogo, vingine vya ukubwa wa nano. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichovya kifuko kimoja cha majani ya chai kilichotengenezwa kwa plastiki kwenye maji ya nyuzi 95. Kilitoa vipande vidogo kama bilioni 11.6, na vile vidogo zaidi vya nano kama bilioni 3.1, katika kikombe kimoja. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin, Ireland, walichunguza chupa za plastiki za kunyonyeshea watoto, wakaona kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo vipande vinavyoongezeka. Kwa panya wa maabara, vipande vya namna hiyo vimeonekana kubadilisha bakteria wa tumbo na kupunguza ute.

Hii haina maana kwamba uliyekula wali uliofunikwa mfuko jana utaugua kesho. Maana yake ni kwamba hapa, tofauti na dawa, kuacha hakukugharimu kitu. Tanzania imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Rwanda iliwatangulia wote mwaka 2008. Na sisi tuna kifuniko chetu cha zamani. Bibi zetu walifunika kwa jani la mgomba. Mvuke unabaki, chakula kinanukia, na jani likichakaa unampa mbuzi. Kama huna jani, sahani ya bati inatosha.

Na dumu la maji je? Usiache kuhifadhi maji yenye klorini kwenye dumu safi lenye kifuniko. Maji yale ni ya baridi, na kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Hapa faida ni kubwa kuliko shaka.

[Muziki unaanza kupanda polepole, kisha unashuka.]

Wapendwa, nifunge.

Nilirudi kwa mama yule Jumapili. Nilimweleza yote haya, pole pole, akiwa anapepeta unga. Nilipomaliza akaniambia, "Kwa hiyo ule ujumbe haukuwa uongo." Nikamjibu, "Mama, ulikuwa ukweli uliokatwa nusu." Akasema nusu hiyo ndiyo iliyomgonga.

Sasa amerudi zahanati. Muuguzi alimwambia asimeze mara mbili kufidia siku zilizopita, aanze pale alipo. Wamemchukua vipimo vipya, kuona kama siku zile zimemharibia kitu. Majibu hayajarudi. Mimi nayasubiri kama vile ni yangu.

Kwa hiyo ninawaomba mambo haya. Kama uliacha dawa kwa sababu ya ujumbe ule, rudi zahanati kesho asubuhi, hakuna atakayekugombeza. Kama una wasiwasi na kidonge, nenda nacho kwa aliyekupa, umuulize. Antibayotiki usinunue sokoni. Maji ya fedha usimpe mtoto. Sufuria ifunike kwa jani au bati. Mlishe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Na maharage, sombe na lengalenga, hata posho ikiwa ndogo, wakumbuke wale wakazi wa tumboni, nao wanasubiri sahani yao.

Na ukipata ujumbe wenye maneno "tuma kwa watu kumi", fanya ambalo mimi sikulifanya. Mpelekee kwanza mtu mmoja anayejua.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

[Muziki wa kufunga kipindi.]

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Je, katika zoni yenu kuna mtu aliyeacha dawa kwa sababu ya habari aliyoisikia? Mnaweza kumsaidiaje arudi zahanati bila kumtangaza?

2. Tumetaja maswali matatu: ni chembe ya nini, ni kiasi gani, inaingia wapi? Yatumieni kueleza tofauti kati ya fedha iliyo kwenye chujio la maji na fedha iliyo kwenye kichupa cha sokoni.

3. Mtoto wa jirani anaharisha usiku na zahanati imefungwa. Mtafanya nini kwa mpangilio, na ni kitu gani hamtampa?

Majibu na maswali yenu yaandikeni na kuyaweka kwenye sanduku la maoni, au mpeni mhamasishaji wa afya wa zoni yenu ayalete studio.